gh, seva ya MCP au API ya REST: ipi ina maelezo yanayomfaa wakala wa AI?

mzee_wa_terminali (mleta mada)
Wakuu, salaam. Tunataka wakala wa AI apitie `issue` (hoja na hitilafu zilizoripotiwa) za repo zetu za GitHub kila asubuhi, azipange na kutuandikia muhtasari. Njia ziko tatu: amri ya gh (zana ya GitHub ya kwenye terminali), seva ya MCP (itifaki ya kumuunganishia wakala zana) ya GitHub wenyewe, au kuita API ya REST (maombi ya HTTP) kwa kufuata faili lao la OpenAPI, linaloeleza kila ombi na parameta zake. Zote zinaiweza kazi, hilo nalijua. Naulizia maelezo yake tu: ni yapi wakala akiyasoma hatabuni vitu? Binadamu akikwama huuliza mwenzake. Huyu akikwama anakisia na kusonga mbele.

dada_wa_bakendi
gh, bila kufikiri sana. Jaribu `gh issue list --json` bila kutaja sehemu unazozitaka. Itakukatalia, ila palepale inakuorodheshea majina yote inayoyakubali. Wakala anasoma kosa, anarekebisha, anaendelea. Ukurasa mzuri ulioko mbali na kosa una faida gani?

skima_kwanza
Hapana, dada. Usipoweka `--limit`, amri hiyo hiyo inaleta 30 tu. Msaada wake unasema hivyo, kwa mstari mmoja uliojificha katikati ya mingine, na JSON inayotoka haikuambii kwamba zipo zaidi. Wakala ataripoti "issue 30" hata kama ziko 400, tena kwa kujiamini! REST nayo inaanzia 30 kwa ukurasa, mwisho 100, lakini kichwa cha Link kwenye jibu kinaonyesha ukurasa unaofuata. Juu ya hapo, OpenAPI inakueleza aina ya kila parameta, thamani zinazoruhusiwa, ipi ya lazima na ipi ya hiari.

dada_wa_bakendi
Na faili lenyewe ni megabaiti kadhaa, utamlisha lote? Halafu kwenye REST orodha ya `issue` huja na `pull request` (maombi ya kuingiza mabadiliko ya msimbo) humohumo, maana GitHub inahesabu kila `pull request` kuwa `issue`. Nyaraka zinakwambia uzitambue kwa sehemu ya `pull_request`. Skima, yaani maelezo ya umbo la data, inaonyesha sehemu hiyo ipo, lakini maana yake iko kwenye sentensi ya maelezo. Wakala aliyesoma skima pekee atapita majaribio yote na hesabu yake itakuwa mbovu. `gh issue list` imeshazichuja.

mtu_wa_kontena
Mmeiruka MCP. Pale kila zana inakuja na jina, maelezo na skima yake, wakala haendi kutafuta popote. Seva ya GitHub ina `--read-only`, na kwa kazi ya muhtasari hicho ndicho unachohitaji. Ubaya wake: kwa programu nyingi za mawakala, kila zana uliyoiwasha inakula tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma) kabla kazi haijaanza. Washa kundi la `issues` tu. Zana zikiwa nyingi na zinafanana, maelezo ya sentensi moja hayamwambii wakala lini achague hii na lini aiache.

mpima_kazi
Mnabishania umbo, pimeni basi. Mteja wetu mmoja alikuwa na mfumo wa malipo, jina naliacha. Nyaraka zake zilipendeza kweli, ila mfano mmoja wa namba ya simu ulianza na 07 na mwingine na 255, na parameta imeandikwa "string" basi. Wakala alichanganya yote mawili.

Mpe wakala maelezo peke yake, intaneti imefungwa, na kazi ambazo majibu yake unayo. Hesabu parameta alizobuni. Hesabu makosa aliyojinasua kwa kusoma ujumbe wa kosa. Kisha tazama kwa makini majibu yenye sura ya usahihi ambayo si kweli, hayo ndiyo yatakayokuumiza. Kwa GitHub weka repo yenye `issue` zaidi ya 100, na nyingine ya binafsi ambayo tokeni yako ya kuingilia GitHub haina ruhusa nayo. GitHub hujibu 404 (haipatikani) hapo badala ya 403 (hairuhusiwi), ili isifichue kwamba repo ipo. Ona kama wakala ataandika "repo haipo".

Ila kuna mtego: gh na REST modeli imeshakutana nazo sana wakati wa mafunzo. Zikifaulu, hujui kama ni maelezo au kumbukumbu. Ifunike gh kwa skripti yenye jina jingine na ubadilishe majina ya parameta, urudie. Zana yenu ya ndani, ambayo modeli haijawahi kuiona, ndiyo itakayoonyesha ubora wa nyaraka bila kubebwa.

skima_kwanza
Hilo la kubadilisha majina nakubali. Kwangu REST ingeanguka vilevile bila sentensi ile ya `pull_request`.

mzee_wa_terminali
Naanza na gh, seva ya MCP nitaipima wiki ijayo kwa repo hizohizo. Kwenye AGENTS.md, faili la maagizo ya wakala, nitaandika kwamba `--limit` ni lazima kila mara, na 404 isomwe kama "haipo au sina ruhusa".

dada_wa_bakendi
Ongeza hili: idadi ikilingana kabisa na `--limit` uliyoweka, asitoe jumla. Aongeze kikomo arudie.