Majirani wa Tabata tunataka kujilimia mboga, lakini kisima kina chumvi

Mama wa Tabata
Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Sisi ni kaya tisa za mtaa mmoja ambazo tumechoka kununua kila fungu la mboga, hasa wakati wa masika bei inapopanda. Jirani ametuazima kiwanja kisichojengwa, tukaandaa matuta kumi na mawili. Sasa kingo za majani ya mchicha zinaungua, na juu ya udongo kumetanda kitu cheupe kama unga. Wenzangu wanataka tuhamie bonde la Msimbazi, ambako maji hayakosekani. Naomba ushauri kabla hawajakata tamaa.

Mkulima wa Kigamboni
Mama, huo weupe ni chumvi inayobaki maji yakishakauka. Acheni kunyunyiza kidogo kidogo juani. Mwagilieni jioni, maji mengi yashuke chini ya mizizi, kisha tandazeni nyasi kavu ili udongo usikauke upesi. Maharage yasubiri kwanza, kwa kuwa hayastahimili chumvi, spinachi inajitahidi. Dawa yenyewe hasa ni maji ya bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bati la mita za mraba 60, mvua ikinyesha milimita 20, linatoa karibu lita 1,200, yaani mapipa sita. Fungeni mifereji kabla ya vuli.

Bibi Shamba Mstaafu
Mwanangu, bondeni msiende, nakusihi. Mto Msimbazi hupokea maji machafu ya majumbani na ya viwandani, na mboga za majani hufyonza madini kama risasi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini risasi haiondoki. Tena bonde hilo hufurika: mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo yaliyofanya wakazi wengi wahamishiwe Mabwepande. Kama kiwanja ni kidogo, jazeni udongo na samadi iliyooza vizuri kwenye viroba, mviweke uani. Samadi mbichi ya kuku huunguza miche, nimeliona hilo mara nyingi mno.

Mleta Marando
Naunga mkono, ila naongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kujitegemea, nalo ni mbegu. Mkinunua pakiti dukani kila mwezi bado mnategemea. Acheni mashina machache ya mchicha yachanue na kukauka, kisha yapukuteni juu ya kanga. Mbegu nyeusi zinazong'aa zitawatosha kaya zote. Matembele ni rahisi zaidi: kata rando la urefu wa mkono, lifukie nusu, na baada ya wiki chache unachuma majani bila kung'oa shina. Unga wa sembe mtaendelea kununua, kwa maana mahindi hayaenei kiwanjani, wala hilo lisiwavunje moyo.

Mama wa Tabata
Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimewasomea wenzangu majibu yote na suala la bondeni tumelifuta. Fundi wa mifereji anakuja Jumamosi. Ndugu wa marando, naomba unielekeze tuyafuate wapi.