Mbegu ya nyumbani, iliyoboreshwa au chotara: mkulima mdogo wa mpunga anachagua kwa kigezo gani?

JarubaTatu:
Wakuu, salaam. Nina majaruba matatu, jumla kama ekari moja, na msimu unakaribia. Mbegu ya nyumbani naijua: ndefu, inanukia, ila inachelewa kukomaa, na nikiizidishia urea inalala upepo ukipiga. Iliyoboreshwa ni fupi na inakomaa mapema, lakini wengi hawaupendi wali wake. Chotara, ile ya kuchanganya aina mbili tofauti za mpunga, nasikia inazaa kuliko zote. Kwenye mbolea nimezoea kuweka urea peke yake. Ninyi mnaamuaje? Naomba mnieleze mnachofanya shambani, matangazo nimeshayasoma.

BiKitalu:
Mimi kabla ya mbegu naangalia maji. Jaruba langu halina mfereji, nategemea mvua. Urea ukiimwaga juu ya tope na jua likawaka bila mvua, sehemu kubwa inapaa hewani, na mafuriko yakija inabebwa. Nimeshasimama pembeni ya jaruba nikaona maji yanaruka tuta siku mbili tu baada ya kuweka mbolea. Kwa hiyo wanaposema wakulima wadogo ni wabishi, wanaogopa mbolea, inaniuma. Asiyeweza kuyazuia wala kuyaingiza maji anapiga hesabu yake sawasawa kabisa.

Mzani:
Naongezea soko. Usilinganishe magunia, linganisha kinachobaki mkononi. Mbegu yenye harufu inaweza kuzaa kidogo na bado ikakulipa zaidi, kama mnunuzi wako anaitafuta. Hili si geni. Mwaka 1966 taasisi ya utafiti wa mpunga ya IRRI, kule Ufilipino, ilitoa mbegu ya IR8: fupi, shina gumu, inakula mbolea na hailali. Ilizaa ajabu, lakini walaji waliilalamikia, wali wake ulikuwa mgumu ukipoa na punje zilivunjika sana mashineni. Ilibidi watafiti warudi kuboresha ladha. Mkulima anayeuliza "nani atanunua?" kabla ya "inazaa ngapi?" anauliza swali sahihi.

JarubaTatu:
Nimekuelewa Mzani. Na chotara, siwezi kutunza mbegu yake nikapanda tena?

ShambaDarasa:
Usijaribu, ndugu yangu. Mazao ya chotara ukiyapanda tena yanatoka mchanganyiko: shina hili refu, lile fupi, hili limetoa suke, lile bado. Utavuna mbivu na mbichi pamoja. Chotara inamfaa mwenye maji ya uhakika na fedha ya mbegu kila msimu. Iliyoboreshwa ya kawaida unaweza kuitunza misimu kadhaa, kwa sababu mpunga hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa. Muhimu ung'oe mashina ya ajabu kabla ya kuvuna.

Ila usipande mbegu uliyotunza bila kuipima. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke mahali pa joto kwa wiki moja. Zikiota chini ya 80, tafuta nyingine. Halafu chambua kwa maji ya chumvi: ongeza chumvi mpaka yai bichi lielee, mwaga mbegu, ondoa zinazoelea. Hizo ni mapepe.

MamaMavuno:
Mnasahau jambo moja kubwa: fedha inapatikana lini. Mpunga tuliuza miezi mingi iliyopita, fedha yake imeshaingia kwenye ada na matibabu, na mbolea inahitajika wakati nyumba haina kitu. Ndiyo maana mtu ananunua nusu mfuko, tena akiwa amechelewa. Lingine ni ardhi. Nilipokuwa nakodi sikuwahi kupeleka samadi, kwa sababu faida yake inaendelea msimu wa pili na wa tatu, na msimu wa pili mwenye shamba angeweza kumpa mtu mwingine. Nilipopata kipande changu ndipo nikaanza kusomba.

Mfereji:
Kuhusu mbolea: DAP na urea usizishindanishe, kazi zake ni tofauti. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na 23 za fosfeti, huo ni wa kupandia, kwa ajili ya mizizi. Mfuko kama huo wa urea una kilo 23 za naitrojeni na fosfeti hakuna, huo ni wa kukuzia. Gawa urea mara mbili: mpunga unapoanza kuchipua machipukizi, kisha suke linapoanza kutunga. Pasua shina kwa kisu utaliona suke changa, jeupe, dogo kama ncha ya kalamu. Kabla ya kuweka punguza maji na palilia, la sivyo unalisha magugu. CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, kwenye jaruba lililojaa maji siipendi, sehemu ya naitrojeni yake inapotea haraka.

JarubaTatu:
Asanteni sana. Jaruba la chini, lenye mfereji, naweka iliyoboreshwa, na DAP na urea kwa mgawo wa Mfereji. Mawili ya juu yanabaki na ya nyumbani, na samadi. Chotara naiacha kwanza. Jana jioni nilichambua ya nyumbani kwa maji ya chumvi, zilizoelea zilijaa bakuli. Misimu yote nilikuwa nazipeleka kitaluni!

BiKitalu:
Umezisuuza? Zioshe kwa maji safi mara mbili tatu kabla ya kuloweka, chumvi ikibaki hazioti vizuri.

JarubaTatu:
Mara moja tu. Naenda sasa hivi, mama.