Kujibana sehemu za siri chini ya sketi: nifanyeje nisijiumize?

Binti wa Nyakato:
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 28, nilizaliwa na maumbile ya kiume lakini najitambua kuwa mwanamke, na kila ninapovaa sketi ya kubana huurudisha uume nyuma, katikati ya mapaja, nikaubandika kwa plasta ili mbele pawe bapa. Juzi nilikaa hivyo tangu asubuhi hadi niliposhuka kwenye kivuko cha Kamanga jioni. Nilipobandua, plasta iliondoka na kipande cha ngozi ya korodani chenye ukubwa wa kucha, na tangu hapo nikikojoa nasikia moto. Je, niache kabisa?

Fundi wa Kirumba:
Pole sana, dada. Kapime mkojo kwanza, wala usinunue dawa kwa kubahatisha. Wengi wetu tukijibana hatunywi maji ili tusihangaike na choo, na mkojo ukikaa muda mrefu bakteria huzaliana.

Kuacha si lazima, ila plasta iweke kando mpaka kidonda kipone. Mimi hulala chali, nikazisukuma korodani taratibu kwa vidole kuelekea kinenani, kwenye uwazi zilikoshukia kabla hatujazaliwa; zikigoma naziacha, kwa sababu maumivu ni dalili ya kukomea hapo. Kisha narudisha uume nyuma na kupandisha chupi ya kubana. Yangu nimeishona mwenyewe kwa pamba inayovutika, mbele tabaka mbili, lastiki pana isiyokata ngozi. Kama huna cherehani, pale soko la Mlango Mmoja, hapa Mwanza, utapata taiti za mazoezi za mtumba. Zifue vizuri kwanza.

Muuguzi:
Naongeza jambo ambalo naomba ulichukulie kwa uzito. Korodani moja ikiuma ghafla, ikavimba, ukasikia kichefuchefu, fungua kila kitu na uende hospitali saa hiyohiyo, kwani huenda imejisokota na damu haipiti. Ikinyooshwa ndani ya saa 6 mara nyingi huokolewa. Usilale umejibana, kwa sababu jasho huleta fangasi. Na kama unatamani mtoto, ujue korodani huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, hivyo kujibana kila siku kunaweza kupunguza mbegu.

Binti wa Nyakato:
Asanteni sana. Je, nikifika maabara nitalazimika kueleza chanzo?

Muuguzi:
Maabara watahitaji mkojo tu, dada. Daktari ndiye umweleze, na umwonyeshe hicho kidonda.