PEPMIS, vishikwambi na alama za vidole: tunasimamia ufundishaji au tunasimamia kujaza?

Wadau tuchangie hili bila matusi. Hapa Moshi kuna hoja inazunguka sana, hasa kwa sisi wazazi, kwamba dawa ya mwalimu mtoro ni kumfungia mashine ya alama za vidole na kila anachofanya akijaze kwenye PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, basi shule zitanyooka. Utoro upo, tusidanganyane. Ila mashine ikijua mwalimu kaingia getini haijajua kama kaingia darasani.

Tulikotoka tunakujua, OPRAS, zile fomu za makaratasi za kupima utendaji, tangu 2004, unajaza, bosi anasaini, faili linarudi kabatini. Ikaja PEPMIS, mtumishi anaingia na akaunti yake ya ESS (mfumo wa mtumishi kujihudumia mtandaoni), anaweka majukumu, anaripoti utekelezaji, msimamizi anahakiki. Wazo zuri kabisa, angalau bosi mwenye chuki hawezi kukubania kimya kimya.

Sasa panda huku Uru juu anakofundisha shemeji yangu. Mtandao unashika kona moja tu karibu na jiko la shule, Ijumaa mchana utawakuta walimu wamesimama pale simu juu wanajaza kazi za wiki nzima kwa mpigo, bando la kwao wenyewe, huku darasani kiranja ndio mwalimu na anaandika majina ya wapiga kelele. Mwalimu mkuu naye anabonyeza kukubali tu, maana ana vipindi vyake na foleni ya wenzake inamsubiri. Hapo nani kasimamiwa?

Vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyopewa walimu mimi naona ndio mwelekeo, kifaa cha kumsaidia afundishe, afungue vitabu vya Taasisi ya Elimu (TET), afuatilie mafunzo endelevu ya walimu kazini (MEWAKA) bila kusubiri semina (kama hakijageuka cha watoto nyumbani, tunajuana). Halafu afisa elimu kata aje na pikipiki yake akae dawati la nyuma kipindi kizima, afungue andalio la somo, apekue na madaftari ya watoto, ataona mada iliyoandikwa imefundishwa wakati hakuna zoezi hata moja lililosahihishwa.

Na huo mfumo mbona unaangalia upande mmoja? Mwalimu akiandika kwamba watoto watano wanagombania kitabu kimoja, au choo kimejaa, hiyo taarifa nayo ipande juu ionekane iko mezani kwa nani na imekaa siku ngapi. Akichelewa yeye inajulikana siku hiyohiyo, akidai malimbikizo anaambiwa avute subira. Pimeni wote, na wa wilayani humo humo, ndio mimi nitaunga mkono hata hizo alama za vidole.

Wa Arusha mnasemaje, maana mjini Kijenge na Sakina mtandao sio shida, ila walimu wa kule ndani Longido wanajazia wapi? Na wanaotaka mashine waseme bando na umeme analipa nani.