Dundu wa mavi wa Shimba Hills: huyu mweusi wa miguu mirefu ni yupi?

MwanaKisauni: Assalam alaikum wadau. Pembezoni mwa msitu wa Shimba Hills, Kwale, pwani ya Kenya, kuna dundu weusi wasiong'aa, milimita 8 au 9, mgongo wa kibyongo, miguu ya nyuma mirefu ajabu. Mchana wanafingirisha mavi ya ng'ombe kivulini. Malishoni, hatua kama mia mbili kutoka mitini, wako wengine wa milimita 13, wenye mng'ao wa kijani, nao wanafingirisha. Ni aina moja? Intaneti yaniambia Scarabaeus sacer. Na nikitaka kujua nani wa msituni na nani wa malishoni, mitego niipangeje?

Pembe_Tatu: Waalaikum salaam. Sacer mtoe kabisa. Huyo ni wa pande za Mediterania, ana milimita 25 kwenda juu, na miguu yake ya mbele imeishia kwenye meno ya kuchimbia, haina nyayo.

Mweusi wako ni Sisyphus au nduguye Neosisyphus. Kibyongo na miguu hiyo ya buibui vyatosha kufika hapo. Kufika kwenye spishi ni kazi nyingine: wanatambulikana kwa miiba ya miguu ya nyuma ya dume na umbo la kiungo chake cha uzazi, kwa hiyo picha ya mgongo peke yake haisaidii. Piga tatu: juu, ubavu, tumbo, na rula kando. Chunguza pia donge linaishia wapi, maana baadhi ya Neosisyphus hawaliziki, hulibandika kwenye shina la nyasi.

Wa kijani mtazame ubavuni, nyuma kidogo ya bega. Ukingo wa bawa gumu ukiwa umekatwa, ubavu ukaonekana, huyo ni Gymnopleurus au Garreta.

Likoni_Feri: Wanaofingirisha wote ni wa mahali pa jua. Msituni utapata wachimbaji tu, wale wanaozika mavi palepale bila kuyafingirisha.

Pembe_Tatu: Hapo umekosea. Ni kweli msituni wachimbaji ndio wengi, ila Sisyphus wako hata kivulini. Kinachowagawa zaidi ni kivuli, unyevu na udongo: mchanga huchimbika upesi lakini shimo huporomoka na mavi hukauka, mfinyanzi mkavu haupenyeki. Ndiyo maana mvua za masika zikianza wanatoka kwa wingi.

Kopo_Chini: Mitego sasa. Kopo la lita moja, ulizike mpaka mdomo uwe sawa na ardhi. Ukiacha ukingo umechomoza hata sentimita moja, wadogo watauzunguka na utadhani hawapo. Maji theluthi moja na matone ya sabuni isiyonukia, wazame. Chambo ni donge la ukubwa wa yai, kwenye kitambaa cha chandarua, lining'inie kwenye kijiti juu ya kopo. Sahani ya plastiki iwe paa, la sivyo mvua moja inafurisha kila kitu.

Panga mstari kutoka malishoni hadi ndani ya msitu, mita 50 baina ya mtego na mtego, la sivyo inaibiana wateja. Acha saa 24 kamili, kwa sababu wachimbaji wakubwa huja usiku. Chambo kitoke kwenye mavi ya siku hiyo hiyo, kwa mitego yote. Kwa dundu wengi wa msituni kinyesi cha binadamu huvuta kuliko cha ng'ombe (usicheke). Heliocopris, yale majitu, yanataka ya ndovu.

Muulize mwenye ng'ombe kama amewapa ivermectin (dawa ya minyoo) karibuni: dawa hutoka na mavi na kuua mabuu. Siafu wakiingia, hamisha mtego.

Pembe_Tatu: Ndani ya hifadhi, bila kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) usichimbe hata kopo moja. Msitu wa kaya (msitu mtakatifu wa Wamijikenda), anza na wazee wa kaya.

MwanaKisauni: Shukran. Nimekuza picha ya yule wa kijani na mkato upo. Ya tumbo naipandisha kesho.