Msaada: video ya dakika 5 ya uanikaji dagaa, kidato cha tatu, simu mbili tu

Mwl_Jio
Wakuu, habari za jioni. Kidato cha tatu hapa Mwanza wana kazi ya jiografia: kila kikundi cha watu sita kilete video ya dakika 5 kuhusu uanikaji wa dagaa. Kila kikundi kina simu mbili, na ile ya kurekodia imebakiza nafasi ya GB 4. Mwaloni, yaani ufukweni dagaa wanakoshushwa na kuanikwa, tunakwenda Jumamosi moja tu. Kwenye majaribio ya uwanjani picha zinayumba na sauti ni upepo mtupu. Tuanzie wapi?

PichaNyamagana
Mwalimu, anza na kalenda ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa mwezi ukiwa mpevu. Jumamosi yenu ikiangukia hapo mtakuta vichanja vitupu. Barua ya shule ifike kwa uongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) mapema, na kila atakayeonekana kwa karibu aombwe ridhaa kabla simu haijainuliwa.

Kisha karatasi yenye safu mbili: kushoto kinachoonekana, kulia kinachosikika. Msimulizi wa Kiswahili asiyekimbia husoma maneno kama 100 kwa dakika. Ukitoa mahojiano mawili ya sekunde 40 na sehemu za kuacha mwalo usikike wenyewe, maneno 300 yanatosha kabisa. Wakiandika kurasa tatu, msomaji atakimbia na mtazamaji hatashika kitu.

Ukiondoa mahojiano hayo, zinabaki sekunde 220 za kujaza picha. Kila picha ikikaa sekunde 6, mnahitaji picha 36 hivi. Rekodini kila moja kwa sekunde 10, viwiko vimebanwa mbavuni, bila kutembea: kwa mbali, kwa kati, na kwa karibu kabisa, mkono ukigeuza dagaa. Msikose dagaa wa mchangani na wa kwenye kichanja. Hapo ndipo jiografia ilipo: mchangani chembe hunata, kwenye kichanja upepo hupita juu na chini wakakauka haraka.

Nafasi msiogope. Ubora wa 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde hula kama MB 130 kwa dakika, kwa hiyo GB 4 ni karibu nusu saa.

Sauti_Kirumba
Mkuu kamaliza picha, mimi niseme la upepo. Asubuhi na mapema ziwa huwa limetulia. Jua likipanda nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo unageuka kuvuma kutoka ziwani. Mahojiano yaishe kabla ya saa nne.

Simu ya pili iwe ya sauti tu. Chomeka earphone za waya, maiki yake ibanwe kwenye shati shibiri moja chini ya kidevu, ifunikwe na kipande cha sponji ya godoro. Simu iwekwe hali ya ndege, iingie mfukoni. Kabla ya kila jibu mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuediti mnalinganisha mlio na viganja vinapokutana. Msirekodi dakika kumi mfululizo, kwa sababu kasi ya fremu za simu hubadilikabadilika na midomo huachana na sauti taratibu. Shati la anayehojiwa likichakarisha maiki, anzeni upya hapo hapo.

Simulizi ya msimulizi isirekodiwe mwaloni. Chumba chenye mapazia na godoro kinatosha.

Mhariri_Igoma
Kwenye CapCut au VN, programu za simu za kuediti video, lazeni simulizi kwanza, picha zifuate. Wanaoanza na picha huishia kurefusha klipu zisizo na kazi. Muziki mimi ningeuacha. Sauti ya dagaa wakimwagwa inatosha. Toeni kwa 720p, Mbps 4: dakika 5 ni kama MB 150. WhatsApp itumeni kama dokumenti, la sivyo itabanwa hadi maandishi yasomeke kwa shida.

Mwl_Jio
Asanteni sana. Moja bado: mtu akisimama jirani na dagaa, uso unakuwa mweusi.

PichaNyamagana
Dagaa wanarudisha mwanga, simu inapunguza mwanga wa picha nzima. Bonyeza uso kwenye kioo na kushikilia mpaka mwanga ujifunge, na jua liwe ubavuni mwake, si mgongoni. Mama anayeanika akiwa na nafasi ya kusogea, asimame ukingoni mwa kivuli akitazama nje. Saa sita jua liko utosini, macho yanaingia gizani hata mkifanya yote hayo, kwa hiyo nyuso zitangulie asubuhi, vichanja mnaweza kuvirekodi baadaye.