Mrejesho: Ile barakoa ya gesi ya polisi niliyoulizia

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama barakoa kuukuu ya polisi wa kutuliza ghasia, niliyoinunua kwa ajili ya mkusanyiko wangu, ni salama kuvaliwa na kichujio chake, na mpira wake husafishwaje.

Kichujio nimekitoa, nimekifunga kwenye mfuko wa plastiki, kitabaki cha maonyesho tu. Mliotaja asbesto, zile nyuzi za madini zinazodhuru mapafu zikivutwa, asanteni sana. Vichujio vya barakoa za Uingereza za Vita Kuu ya Pili vilikuwa nayo, na mamlaka ya usalama kazini ya huko ilishauri zisivaliwe. Yangu ni ya baadaye, ila mkaa wa ndani unaonasa gesi huchoshwa na unyevunyevu hata kichujio kikikaa bila kutumika. Mtu asijidanganye kwamba kitamkinga na mabomu ya machozi.

Mpira nimeuosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, nikauanika kivulini. Mafuta ya kupaka yanayotokana na petroli sikuyagusa, maana huuharibu. Nilipofungua kifuniko cha vali ya kutolea pumzi, pale kidevuni, kile kisahani chembamba cha mpira kilikuwa bado laini, kimezungukwa na poda nyeupe. Nilifurahi mno!

Tundu la kichujio ni la milimita 40, kipimo cha NATO, kwa hiyo vichujio vipya vinaingia.

Imebaki mikanda ya kichwani, elastiki imelegea. Aliyewahi kuibadilisha bila kuharibu vifungo vyake vya asili anielekeze.